Mjadala: Sisi tunaouza afya mtandaoni, tunaelimisha au tunapiga debe tu?

Mbukwenyi wakuu. Hii mada imenizunguka kichwani wiki nzima, leo naileta hapa tuichambue, na najua wapo watakaonirushia mawe ila poa tu.

Mimi nna kajimu ka kinamama huku Ipagala, Dodoma, na pembeni nauza unga wa ubuyu. Naanza biashara kila mtu ananiambia siku hizi habari ni maudhui, posti kila siku, fundisha watu bure, wakikuzoea watanunua. Na kiukweli sio uongo wala sio jambo la juzi, Michelin wale wa matairi kule Ufaransa mwaka 1900 walianza kugawa bure kitabu cha wenye magari, wapi pa kutengenezea gari, wapi pa kulala, watu wasafiri, matairi yalike, wanunue mengine.

Kwangu klipu iliyofanya kazi kuliko zote sikuipanga hata. Nilikuwa nachekecha unga uani, mdogo wangu akashika simu, mi naonyesha tu kwamba huu mweupe ndo unga wenyewe unaotoka ndani ya buyu, umetwangwa ukachekechwa, na ule mwekundu wa kwenye vipakti vya watoto ni mbegu zimepikwa na sukari na rangi, ile ni pipi jamani. Katikati nikapaliwa na vumbi nikakohoa mpaka machozi, hatukukata. Bei nikaitaja palepale, robo elfu tatu. Wiki ile stoki iliisha.

Nyingine ni ya hawa watumishi wa ofisi za serikali kule Mtumba wanaokaa kwenye kiti toka asubuhi, nikawaonyesha kukaa na kusimama mara kumi bila kushika meza, nikawaambia Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hata kutembea harakaharaka kunahesabika, si lazima uje kwangu. Mtu akaniuliza mbona unafukuza wateja? Watatu walikuja kujiandikisha kupitia hiyohiyo klipu na bado wapo.

Sasa nije kwenye kidonda. Mwaka jana biashara ililala, nikaona wenzangu wanaposti shuhuda, sijui "presha imeisha", "sukari imekata", komenti kibao. Nikaingia mkenge. Nikarekodi klipu nasema ubuyu unashusha presha, basi simu haikutulia siku mbili. Baada ya kama wiki tatu akaja mama mmoja mteja wangu kutoka Chamwino kuchukua pakiti ya pili, ana furaha kabisa, ananiambia "mwanangu, vile vidonge nimeviweka kando, nakunywa ubuyu wako asubuhi na jioni". Kadi ya kliniki kaifunga kwenye pindo la kanga, na pale kwenye kadi tarehe ya kurudi ilishapita. Miguu iliniisha nguvu. Nikamchukua mpaka kituo cha afya, wakampima, ilikuwa juu sana, akarudishwa kwenye vidonge vyake siku ileile. Usiku nikaifuta klipu.

Ndo maana msimamo wangu sasa hivi ni huu, fundisha bure mpaka uchoke, ila ukishasema bidhaa yako inaponya ugonjwa hapo hujauza tena unga, umeuza utabibu ambao huna. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, ina Baraza lake, anayetibu anatakiwa asajiliwe. Sisi wa jimu na ubuyu huko hatumo, sasa mdomo wa kusema tunaponya tunautoa wapi? Na hizi picha za kabla na baada, mteja tumbo wazi kwenye status, mtu anajipa moyo kwamba baada ya saa 24 itapotea wakati watu wameshaiskrinishoti! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Wangapi hapa wanaomba ruhusa kwa maandishi? Mi mwenyewe nilikuwa siombi.

Upande wa pili naujua, nimebishana nao mpaka usiku na shemeji yangu anayefanya masaji Area C. Anasema watu hawanunui elimu, wananunua matumaini, usiposema wewe atasema jirani, na kodi ya fremu haisubiri mtu ajifunze. Hapo sina la kummaliza, maana nilipofuta ile klipu mauzo ya unga yalishuka karibu nusu na hayajarudi yote. Akaongeza kwamba bibi zetu wametumia hivi vitu miaka yote, tukinyamaza tunaizika elimu yao. Ana pointi. Ila bibi alikuwa anakujua, ukizidiwa anakusikia unavyokohoa chumba cha pili. Klipu haijui anayeiangalia ana figo mbovu au ana mimba.

Kwa hiyo swali, shuhuda za kupona zipigwe marufuku kabisa kwenye biashara zetu hizi au ziruhusiwe kwa masharti, na masharti gani?

NYONGEZA: Nimesoma komenti. Anayesema naongea hivi kwa sababu nimeshajaza wateja, karibu Ipagala uhesabu viti. Aliyeuliza kama siogopi washindani kuona bei, waone, mi hii tabia ya "bei njoo inboksi" huwa inanifanya nidhani kuna bei ya sura yangu na bei ya sura ya mwingine.

Na aliyeuliza yule mama anaendeleaje, yupo, vidonge anameza, ubuyu anakunywa kama juisi. Ila ile klipu alishaitunza kwenye simu yake na juzi kairusha kwa wenzake wa kikoba. Nimemuomba mama naomba uifute, kanijibu "mbona ilikuwa nzuri".