Naomba ushauri: mama yuko kwenye dozi ya TB na pia anameza dawa ya tezi ya shingo

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 58. Alifanyiwa upasuaji wa rovu mwaka 2016, na tangu hapo anameza levothairoksini (vidonge vya homoni ya tezi) mikrogramu 100 kila asubuhi. Alikuwa sawa kabisa.

Miezi miwili iliyopita akaanzishiwa dozi ya TB ya miezi 6. Kikohozi kimekata, makohozi yamepimwa hayana vimelea. Ila sasa anasinzia mchana kutwa, choo kigumu, uso umejaa, na joto hili la Dar yeye anavaa sweta! TSH (kipimo cha damu ambacho hupanda homoni ya tezi ikipungua) iliyokuwa 2.1 imefika 14.

Nimesoma kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB, hulifanya ini livunje homoni ya tezi haraka, kwa hiyo dozi ya zamani huenda haitoshi. Kliniki wanasema ni uchovu tu wa ugonjwa. Miadi ya daktari wa tezi ni wiki 5 mbele. Dawa za TB haachi, hilo tumeshaelewana.

Mliopitia haya, levothairoksini iliongezwa kiasi gani? TSH ilirudiwa baada ya wiki ngapi? Na mlipomaliza rifampisini, daktari aliishusha lini? Halafu vidonge vyote anavimeza kwa mpigo saa 1 asubuhi. Hiyo ni sawa kweli?