Wahadhiri wa kompyuta, acheni kuita dodoso "upimaji wa urahisi wa matumizi"

Wakuu, heshima mbele. Leo sibembelezi mtu. Kupima urahisi wa matumizi ni kumtazama mtu akifanya kazi kwenye programu na kuona anakwama wapi, si kumuuliza tu.

Chukua ripoti yoyote ya mradi wa mwaka wa mwisho, fungua sura ya majaribio. Fomu ya Google imerushwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, maswali matano ya aina ya "Je, mfumo ni rahisi kutumia?", halafu chati ya duara: asilimia tisini na ushee wamekubali. Waliojibu ni washkaji wa mwenye mradi, na wengine hata huo mfumo hawajaufungua. Mhadhiri anatoa alama, funika kombe mwanaharamu apite. Mwakani madesa yaleyale yanarudi na jina jipya kwenye jalada.

Na dawa ipo, tena ya bure: programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. LibreOffice ya kazi za ofisi, GNOME ambayo ni mazingira ya dawati la Linux, Moodle ambayo vyuo vyenyewe vinaitumia kusambaza masomo. Mwanafunzi anapima kitu ambacho hakukitengeneza yeye, kwa hiyo hana cha kutetea. Watumiaji wa kweli wapo mtaani. Na matokeo yana pa kupelekwa hadharani, ambako mtu anayeijua programu atauliza: hili umelionaje, kwenye toleo gani?

Kinachoniudhi zaidi ni hawa wachache wanaojaribu halafu wanavuruga. Tazama kazi wanazowapa washiriki: "Bofya Ingiza, chagua Namba ya Ukurasa." Huo ni upimaji au imla? Mpe mtu hali: "Ripoti hii ina jalada, yaliyomo na sura nne. Msimamizi hataki namba kwenye jalada, anataka Kirumi kwenye yaliyomo, na sura ya kwanza ianzie 1." Mkabidhi faili lililokwisha kuchapwa, kaa pembeni, nyamaza.

Kwenye Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, utaona mambo. Anaweka namba chini, inatokea kila ukurasa, jalada nalo limo. Anapanda kwenye jalada anaifuta, zinafutika zote. Anarudisha, anafuta tena, anaanza kuguna. Sababu ni kwamba kwenye Writer kijachini, yaani eneo la chini ya ukurasa linalobeba namba, ni cha mtindo wa ukurasa (page style), si cha ukurasa mmoja mmoja. Inabidi ukate ukurasa kwa mkono, uchague mtindo mwingine palepale kwenye kidirisha, uweke tiki ya kubadili namba. Aliyezoea Word anakwenda kutafuta sehemu (sections), na sehemu za Writer zina kazi nyingine kabisa. Hapo mwanafunzi amejifunza jambo ambalo slaidi mia haziwezi kumpa: mtu hakukwama kwa sababu kitufe kimejificha, amekwama kwa sababu picha aliyonayo kichwani hailingani na programu inavyofikiri.

Toleo nalo liandikwe! Toleo 7.6 la LibreOffice, la Agosti 2023, lilileta kidirisha cha kuingiza namba kwa hatua moja, ila Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa Linux, ilikuja na 7.3. Ukipima kwenye kompyuta za maabara zisizosasishwa, unaweza kuripoti shida ambayo wenzako walishaigusa.

Washiriki wasiwe wanafunzi wa kompyuta. Nenda kwa dada anayechapa kazi za watu steshenari, au karani wa shule. Mwambie mapema kwamba inayopimwa ni programu, si yeye, na umwombe aseme kwa sauti anachofikiri, kwa Kiswahili chake cha kawaida. Sisi tuna adabu za kumsitiri mgeni, ukiuliza "umeionaje?" utaambiwa "nzuri sana" na mtu aliyetoka jasho dakika kumi. Amini mikono yake kuliko sifa zake. Akikuuliza "nibonyeze wapi?", mrudishie: "Kama nisingekuwepo ungefanyaje?" Kazi tano, dakika 45, skrini irekodiwe kwa OBS (programu huria ya kurekodi skrini) akiridhia, na fanya jaribio la awali na mtu mmoja, maana kazi mbovu hujulikana hapo.

Sasa hesabu. Kila mtu anakariri "watu watano wanatosha", hakuna anayeeleza. Watafiti Nielsen na Landauer mwaka 1993 walipata wastani kwamba mshiriki mmoja hufichua asilimia 31 ya matatizo. Kwa watano ni 1 toa 0.69 kipeo cha 5, yaani karibu asilimia 84. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi? Watano wana nafasi ya asilimia 41 tu ya kuliona. Na watano hao ni wa kutafuta matatizo; ukiandika "asilimia 80 waliridhika" kwa watu watano unachekesha.

Dodoso la SUS (System Usability Scale) la John Brooke, la kupima mtumiaji anavyouona urahisi wa mfumo, ndilo linachinjwa kabisa. Kauli 10, kila moja hujibiwa kwa 1 hadi 5; za witiri (1, 3, 5...) ni za kusifu, za shufwa (2, 4, 6...) ni za kuponda. Witiri: jibu toa 1. Shufwa: 5 toa jibu. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Anayetia 5 kila mahali bila kusoma anapata 50. Wanafunzi wenu wanachukua wastani wa majibu ghafi, mtu huyohuyo anatoka na tano kwa tano, na nyie mnatia saini!

Matokeo yawekwe kwenye jedwali la rangi: kazi zishuke, washiriki waende mlalo, kijani kwa aliyefanya bila taabu, njano kwa aliyesitasita, nyekundu kwa aliyetaabika sana, nyeusi kwa aliyekata tamaa. Jim Hall, mwanzilishi wa mfumo endeshi huria wa FreeDOS, alilitumia kwenye upimaji wa GNOME. Mstari uliojaa nyekundu na nyeusi unajitangaza wenyewe.

Mwisho, msimwage darasa zima kwenye Bugzilla ya LibreOffice, tovuti ya kuripotia hitilafu, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Ripoti 40 zinazofanana zinawachosha watu wanaojitolea. Tafuta kwanza kama tatizo limeshaandikwa; kama lipo, ongeza ushahidi wako palepale. Kama halipo, ripoti moja tatizo moja: toleo, hatua, mshiriki alitarajia nini, kikatokea nini. Alama mtoe kwa ubora wa ripoti, si kwa kukubaliwa kwake, kwa sababu majibu yanaweza kuja muhula umeshaisha.

Anayebisha aweke hapa kazi tano anazowapa wanafunzi wake. Tuzisome.