Kipi kigumu zaidi kwa mzungumzaji wa Kiingereza: Kifaransa au Kihispania?

Mwanagenzi

Ndugu wasomaji, nimesoma mara nyingi kwamba kwa mtu aliyekulia katika Kiingereza, Kihispania ni chepesi na Kifaransa ni kigumu, lakini wanaosema hivyo hutaja matamshi tu na kuishia hapo. Hata hivyo, taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha za kigeni huziweka lugha hizi mbili katika kundi moja, lile la lugha zilizo karibu zaidi na Kiingereza, na huzitengea muda unaolingana, yaani takriban wiki 30 za masomo. Ikiwa kweli moja ni ngumu kuliko nyingine, mbona muda ni ule ule? Naomba kujua ugumu wa kila lugha unakaa wapi hasa.

Mkufunzi

Ndugu Mwanagenzi, wanaotaja matamshi hawajakosea, ila hawalifafanui jambo lenyewe. Kihispania kina irabu tano kama zetu, na kinasomwa karibu kama kilivyoandikwa, hivi kwamba mwanafunzi aliyezishika kanuni chache anaweza kusoma ukurasa mzima wa gazeti kwa sauti bila kuelewa hata sentensi moja. Mkazo nao hutabirika: neno linaloishia kwa irabu, *n* au *s* huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mengine kwenye silabi ya mwisho, na lisilofuata kanuni hiyo huwekewa alama.

Tahajia ya Kifaransa, tofauti na wengi wanavyodhani, ina utaratibu wake, lakini utaratibu huo humsaidia zaidi anayesoma. Anayeona *eau* anajua atamke *o*, ilhali anayesikia *o* hawezi kujua kama imeandikwa *o*, *au*, *eau* au *ot*. Maneno *ver*, *vert*, *verre* na *vers* yana maana nne tofauti na sauti moja. Zaidi ya hayo, Kiingereza huyapa mkazo maneno yote yenye uzito katika sentensi, na sikio la mzungumzaji wake huutegemea mkazo huo kutambua neno jipya linaanzia wapi. Kifaransa huupeleka mkazo mwishoni mwa kifungu kizima, kisha huunganisha konsonanti ya neno moja na irabu ya neno linalofuata, kama katika *les amis*, ambapo *s* isiyotamkwa kwa kawaida hugeuka kuwa *z*. Wanafunzi wangu wengi husoma Kifaransa vizuri muda mrefu kabla ya kukielewa kikizungumzwa, na sababu ya kukisoma upesi inajulikana: Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066, na lugha yao, aina ya Kifaransa, ikatawala mahakama na makao ya mfalme kwa karne kadhaa, kiasi kwamba *justice*, *village*, *fruit* na *danger* huandikwa vilevile katika lugha zote mbili hadi leo.

Mfasiri

Nakubaliana na Mkufunzi kuhusu sikio, lakini amevisahau vitenzi, na hapo mizani hugeuka. Kihispania huiacha nafsi bila kuitaja kwa kiwakilishi, hivyo kazi yote hubebwa na kiambishi cha mwisho, kama katika kitenzi cha "kuzungumza": *hablo*, *hablas*, *habla*, *hablamos*, *habláis*, *hablan*, maumbo sita yanayosikika tofauti. Katika Kifaransa *parle*, *parles* na *parlent* hutamkwa sawa, na kwa kuwa katika mazungumzo *on parle* imechukua kwa sehemu kubwa nafasi ya *nous parlons* ("tunazungumza"), mzungumzaji anaweza kwenda mbali kwa maumbo mawili tu. Kuna pia *ser* na *estar*, vitenzi viwili vya "kuwa" mahali ambapo Kiingereza kina kimoja.

Kizito zaidi ni dhamira tegemezi ya wakati uliopita, yaani umbo la kitenzi la jambo linalodhaniwa tu. Mhispania anayesema "kama ningekuwa na muda" hana budi kusema *si tuviera tiempo*, na umbo hilo ni la kila siku, hata kwa watoto. Mfaransa husema *si j'avais le temps*, kwa wakati uliopita wa kawaida, kwa sababu umbo linalolingana na lile la Kihispania limebaki katika maandishi ya kale na ya kifasihi. Kuhusu hesabu ya Kifaransa ambayo huifanya 99 kuwa "ishirini nne na kumi na tisa", nadhani watu huikuza mno; huzoeleka upesi, na Wabelgiji na Waswisi wana neno jepesi, *nonante*, kwa 90.

Mwanagenzi

Nawashukuru nyote. Je, basi muda unalingana kwa sababu ugumu wa vitenzi unafidia ugumu wa sauti?

Mkufunzi

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kozi ile hulenga kiwango cha kufanyia kazi ya kitaaluma, katika kuzungumza na katika kusoma, na anayefika huko ameshapita hatua ambamo Kihispania humpa nafuu kubwa. Isitoshe, Kihispania ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20: Argentina husema *vos* badala ya *tú* ("wewe"), na katika visiwa vya Karibi *s* ya mwisho wa silabi mara nyingi hudhoofika au hutoweka, jambo linalomshangaza aliyezoea rekodi za darasani. Kimadende cha *perro*, yaani *r* ya kutetemesha ulimi, nacho huwasumbua wengi, ingawa muktadha huwaokoa.

Hata hivyo, Mfasiri aniwie radhi, bado nakiona Kifaransa kuwa kigumu zaidi, kwa sababu *tuviera* na wenzake wanaweza kukaririwa na mtu aliye peke yake na kitabu, lakini hakuna kitabu kitakachomzoesha kusikia *il n'y a pas* ("hakuna") ikitamkwa kama *yapa*. Kwa hiyo, anayechagua Kifaransa ningemshauri aanze kusikiliza tangu juma la kwanza, kabla tahajia haijamjengea matamshi ya uongo kichwani.