SuperTuxKart yakataa kufunguka Ubuntu, chmod nshapiga mpaka basi

mlikoni22
Salaam wadau, nina leptopu kuukuu nimeiweka Ubuntu (mfumo wa Linux), sasa rafiki yangu wa Tudor kanitilia gemu la mbio za vigari, SuperTuxKart 1.4, kwenye flashi, ile ya Linux kabisa si ya Windows, maana bando langu la siku halitoshi kushusha mamia ya MB. Faili lake la tar (mafaili yaliyofungashwa pamoja) nimelifungulia hukohuko kwenye flashi, nikaandika ./run_game.sh naambiwa Permission denied, yaani sina ruhusa. Nikapiga chmod +x, ile amri ya kulipa faili ruhusa ya kuendeshwa, haikulalamika, kujaribu tena, yaleyale!! Hata sudo chmod, yaani kwa mamlaka ya msimamizi (root). Madogo hapa nyumbani washapanga foleni na mie naonekana muongo tu.

kahawa_tungu
Flashi ni FAT32 sio, ule mfumo wa kupanga mafaili? Basi hapo ndipo. FAT haina pa kuandikia ruhusa ya x (ya kuendesha), chmod yakuitikia naam halafu haifanyi kitu, hebu piga ls -l uone ruhusa za faili. Kopi lile faili lenyewe la tar uliweke nyumbani kwako kisha

cd ~
tar xf SuperTuxKart*.tar.*
cd SuperTuxKart*/
./run_game.sh

Ruhusa zaja nazo ndani ya tar. Ila usije ukakopi ile folda ulioshaifungulia kwenye flashi, hiyo ishaharibika. Na sudo iwache, gemu la vigari lataka uroot wa nini

pweza_bamburi
mbona mwamzungusha mtu, ashushe kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu: sudo apt install supertuxkart kwisha

kahawa_tungu
Bando ndugu yangu, bando. Apt nayo yashusha mamia ya MB vilevile

mlikoni22
Limefunguka wallahi! Ila lakatakata, feni yalia kama matatu inapanda mlima.

bi_terminali
Weka mesa-utils, vijiprogramu vya kukagua grafiki, ni kadogo hakali bando, halafu glxinfo | grep "OpenGL renderer". Ukiona llvmpipe basi kadi ya grafiki haitumiki, prosesa ndiyo yachora kila kitu, shida ni draiva. Ukiona Intel basi ni uzee tu mwanangu, ingia kwenye setingi za gemu shusha efekti mpaka mwisho, na resolushani punguza.

mlikoni22
Ni Intel. Nimeshusha zote, vivuli hakuna tena lakini pengwini wa gemu sasa akimbia vizuri. Asanteni, leptopu yenyewe nimenyang'anywa, hapa natumia simu.