Programu ya duka inakufa kwenye free, na mstari huo hauna kosa

Kibatari

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa pili, nasoma somo la utangulizi wa lugha za mifumo. Tuko wiki ya nne ya C, na mwalimu amesema kuanzia wiki ya tisa tutahamia Rust. Mwaka jana tulisoma Python, sikuwahi kujiuliza kumbukumbu inatoka wapi wala inarudi wapi.

Kazi ya wiki hii ni orodha ya bidhaa za duka. Programu inasoma jina na idadi, inaunga kwenye orodha, mwishoni inachapa zote na kurudisha kumbukumbu. Nilitumia bidhaa za duka la mama, Morogoro: Chumvi, Sukari kilo 1, Unga wa sembe kilo 2, Sabuni ya kipande. Ilikwenda vizuri kila nilipoijaribu.

Nikaituma kwenye mashine ya kusahihishia. Ikachapa orodha yote sawasawa, halafu mwisho kabisa:

`free(): invalid pointer`
`Aborted`

Nimepata sifuri. Data yao ina bidhaa moja tu ambayo mimi sikuwa nayo: Mafuta ya alizeti lita 5. Nimeiingiza kwenye laptopu yangu, na huku nako ikafa. Nikabadilisha ikawa lita 10, ikapona. Nikarudisha lita 5, ikafa. Yaani lita 5 inaua na lita 10 haiui! Nimekaa nayo siku mbili.

```
struct bidhaa *mpya(const char *s, int idadi) {
    char *jina = malloc(strlen(s));
    struct bidhaa *b = malloc(sizeof *b);
    strcpy(jina, s);
    b->jina = jina;
    b->idadi = idadi;
    b->ifuatayo = NULL;
    return b;
}
```

Yaani naomba kumbukumbu kwa malloc, nanakili jina kwa strcpy, na mwishoni napita orodha nzima kuirudisha kwa free: `free(b->jina)`, halafu `free(b)`. gdb, programu ya kusaka makosa, inasema imefia kwenye `free(b)`. Nimeuangalia mstari huo mpaka macho yanauma.

Na swali la pili, hili ni la moyoni. Kama Rust ipo, kwa nini tunaanzishiwa C? Wenzangu wawili wameshahama somo.

Juakali_88

Mkuu, hapo unafanya free mara mbili sehemu fulani. Ondoa free zote. Programu ikiisha, mfumo endeshi unachukua kumbukumbu yote wenyewe. Nilipita somo kama hilo kwa njia hiyo.

FundiMita

Kibatari mdogo wangu, pole na hongera. Hongera kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umebadilisha neno moja, ukaona inapona, ukarudisha, ukaona inakufa. Jibu liko humo humo kwenye jaribio lako.

Juakali, ni kweli mfumo endeshi huchukua kumbukumbu yote programu ikiisha. Lakini free hapa haina hatia. Yeye ndiye aliyegundua maiti. Ukimfukuza, maiti inabaki ndani.

Sasa hesabu nami herufi za bidhaa yako. Mafuta 6, nafasi 1, ya 2, nafasi 1, alizeti 7, nafasi 1, lita 4, nafasi 1, na ile 5 yenyewe ni 1. Jumla 24. `strlen`, inayohesabu herufi, inakurudishia 24, kwa sababu haihesabu baiti ya sifuri inayofunga maneno katika C. Ukaomba baiti 24. Kisha `strcpy` ikaandika herufi 24 pamoja na ile sifuri, yaani baiti 25. Hiyo moja ya ziada hukuiombea mahali.

Utauliza, mbona Chumvi nayo haikuombewa mahali pa sifuri na haijafa? Kwa sababu malloc ya glibc, maktaba ya C ya Linux, kwenye mashine ya biti 64 haipimi kwa baiti moja moja. Ina vipimo vyake: 24, 40, 56, 72, na kuendelea kwa kuongeza 16. Ni kama muuza duka asiye na kipimo kidogo kuliko nusu kilo. Ukitaka robo, anakupa nusu. Chumvi iliomba 6 ikapewa 24, sifuri yake ikapata pa kukaa. Lita 10 ina herufi 25, ikaomba 25, ikapewa 40, nayo ikaokoka. Lita 5 iliomba 24, ikapewa 24 kamili. Baiti ya 25 ikavuka ukuta.

Ng'ambo ya ukuta kuna nini? malloc huandika lebo ya ukubwa kabla ya kila kipande inachogawa. Kipande kinachofuata ni `b` yako, na lebo yake ilikuwa na namba 33: ukubwa wa kipande ni 32, na ile 1 ni alama kwamba kipande kilichotangulia kinatumika. Mashine hizi hutanguliza baiti ndogo ya namba, kwa hiyo sifuri yako imeangukia juu ya 33 yenyewe. Lebo sasa inasema 0. Ndani ya `b` hakuna kilichoguswa, jina, idadi na ifuatayo vyote ni vizima, na ndiyo maana orodha ilichapwa sawasawa. Ni free pekee inayosoma lebo. Imefika, imekuta kipande chenye ukubwa wa sifuri, ikagoma.

Dawa ni herufi mbili:

`char *jina = malloc(strlen(s) + 1);`

Lakini usiishie hapo. Rudisha kosa kama lilivyokuwa, kisha kompaili hivi, ukiwasha AddressSanitizer, mlinzi wa mipaka ya kumbukumbu:

`gcc -g -fsanitize=address duka.c -o duka`

Mpe Chumvi peke yake uone.

Kuhusu swali la moyoni. Mimi niko Arusha, naandika programu za mita za maji za kulipia kabla, mwaka wa 11 sasa. Mwaka wangu wa pili kazini niliweka ndani ya struct moja (kundi la data linalokaa pamoja) nafasi ya herufi 16 kwa namba ya malipo, na mara baada yake kigeu cha lita zilizobaki. Namba ya malipo ilikuwa na tarakimu 16 kamili. Umeshaona nilichosahau. Kila mteja alipoingiza malipo, ile sifuri iliangukia baiti ya kwanza ya lita. Mama mmoja alikuja ofisini na daftari la hesabu za nyumbani, ameandika kwa kalamu ya bluu: nimelipia 1,000. Mita yake ikisema 768. Lita 232 zimepotea, na si yeye aliyezitumia. Nilichukua kalamu yake, nikaandika 1,000 kwa mfumo wa namba wa 16, ikawa 3E8. Nikafuta E8 nikaweka 00. Ikawa 300, ambayo ni 768. Nilikaa kimya nikimwangalia yule mama, kwa sababu alikuwa amebeba ndoo mbili tupu.

Ndiyo maana nasema anza na C, usiogope. Dennis Ritchie aliitengeneza pale Bell Labs mnamo 1972 hivi, na mwaka 1973 kerneli, yaani kiini, ya mfumo endeshi wa Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Kerneli ya Linux imekuwa ya C tangu 1991. Hata ile Python ya mwaka jana, inayotumiwa na wengi, yenyewe imeandikwa kwa C. Rust toleo la 1.0 lilitoka Mei 2015, na Linux ilianza kuipokea ndani ya kerneli katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Utakapoajiriwa utakuta C ya watu wengine, nyingi, na utatakiwa kuirekebisha bila kuivunja.

Kitu kimoja kinaniuma lakini. Kuwafundisha watu C wiki nne bila kuwaonyesha `-fsanitize=address` si sawa. Programu inapungua mwendo, kama nusu hivi, lakini mwanafunzi anaona kosa pale lilipotokea badala ya kulitafuta siku mbili mahali ambapo halipo. Ningekuwa mimi, ningeweka alama hiyo kwenye Makefile (faili la maagizo ya kukompaili) ya siku ya kwanza.

Mzee wa Staki

Niongezee kidogo kwa kijana. Novemba 1988, mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ulipoenea kwenye intaneti, mojawapo ya milango uliyopitia ilikuwa fingerd, programu ya kujibu maswali kuhusu watumiaji wa mashine. Ilisoma ombi kwa fanksheni ya `gets`, ikaliweka kwenye nafasi ya baiti 512. `gets` haiulizi nafasi ni kubwa kiasi gani. Mnyoo ukatuma baiti 536. Hizo 24 za ziada zilitosha kubadilisha anwani ambako fanksheni ingerudi ikimaliza kazi. Viwango vya C viliiondoa `gets` mwaka 2011 tu. Ukiikuta kwenye maelezo ya somo lako, ifute bila kuomba ruhusa.

Na FundiMita, yule mama alirudishiwa maji yake?

FundiMita

Mzee, shikamoo. Alirudishiwa siku ile ile, mimi mwenyewe niliingiza. Waliobaki tuliwatafuta kwa kupitia kumbukumbu za malipo, nyumba kwa nyumba, ikachukua wiki tatu.

Kibatari

Dada FundiMita, nimefanya kama ulivyosema. Nimempa Chumvi peke yake:

`ERROR: AddressSanitizer: heap-buffer-overflow`
`WRITE of size 7`

Saba! Herufi sita na sifuri yake. Na imenitajia mstari wa `strcpy`, siyo wa free. Kumbe kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye kila bidhaa, hata zile nilizokuwa najivunia kwamba zinapita. Nimeweka + 1, nimejaribu majina ya urefu wa 1 mpaka 100 kwa kitanzi, hakuna lililokufa. Naituma tena kesho asubuhi.

Ila nieleweshe kimoja. Kwenye Rust hili lisingetokea?

FundiMita

Hili hasa, lisingetokea. `String` ya Rust inatembea na urefu wake mfukoni, haihitaji sifuri ya kufunga, na ukitaka kuandika nje ya mipaka programu inasimama pale pale. Lakini utakachokipenda zaidi ni umiliki. Angalia:

```
let a = String::from("Chumvi");
let b = a;
println!("{}", a);
```

Kompaila itakataa, kosa E0382: mali imeshahamia kwa `b`, `a` hana tena. Katika C mistari miwili ya kwanza ingekupa pointa mbili, yaani anwani mbili za kipande kimoja, na hakuna anayejua nani ana wajibu wa kufanya free. Wakifanya wote wawili, ndilo kosa alilolihisi Juakali. Sisi kazini tunaandika wajibu huo kwa maneno juu ya kila fanksheni, na mtu asiposoma, imekula kwetu.

Fanya hivi kabla ya wiki ya tisa. Fungua programu yako ya duka, na juu ya kila fanksheni inayorudisha pointa andika mstari mmoja: mwenye kufanya free ni nani. Kwa `mpya` andika, anayeniita. Ukifika kwenye Rust utaona kompaila inakuuliza swali hilo hilo.

Juakali_88

Nimeijaribu ile `-fsanitize` kwenye kazi yangu ya zamani niliyoondoa free zote. Imesimama kwenye kosa la kuandika nje ya nafasi. Nitaipitia leo usiku. Kibatari, wale wenzako waliohama, waonyeshe uzi huu kabla dirisha la kubadilisha masomo halijafungwa.