Pemba nusu saa angani, masaa 6 uwanjani, na juu yake natukanwa mizanini!

Yakhe, nimeshateremka Chake Chake, Pemba hapa, hata viatu sijavua, mikono yanitetema.

Unguja na Pemba kwa ndege ni kilomita 125 hivi. Nusu saa. Peremende haijaisha mdomoni ushaona mikarafuu. Mie nimeambiwa nifike saa 1 za asubuhi, kindege kimeruka saa 7 za mchana! Kwa masaa hayo mtu anatoka hapo hapo uwanjani mpaka Dubai na begi keshalichukua.

Lakini hilo nimelimeza. Lililoniua ni mizani. Yule kijana (mnamjua, simtaji) kanipandisha na begi langu na kikapu cha halua. Kaangalia namba. Kaniangalia mie. Kaangalia namba tena. Kisha kwa sauti ya kuadhini: "Mzee, ama ishuke halua ama ushuke wewe!"

Mzee! Nina miaka 41! Foleni nzima kicheko, mpaka mzungu asiyejua hata "jambo" kacheka. Ama ushuke wewe. Nishuke niende wapi, na kesho mdogo wangu anaoa?

Nikawekwa mbele ubavuni kwa rubani, nikajiona mheshimiwa, kumbe nasawazisha ndege. Nusu saa nzima bahari sikuiona, masikioni ni "ama ushuke wewe" tu. Halua imebaki Unguja.

KarafuuKavu: Pole mkuu. Kilo ngapi?

Mleta uzi: Kilo hazihusiani.

KarafuuKavu: Basi 110.

Mtu wa Ole: Kindege cha injini moja, watu kumi na kitu. Lazima wapime wajue nani akae wapi. Kijana kafanya kazi yake.

Mleta uzi: Kazi yake kupima, si kunadi!

BintiMkoani: Analia na nusu saa huyu! Panda boti wakati wa kusi, mkondo wa Nungwi ukupokee. Mie jirani yangu kanitapikia buibui jipya, kisha kaniuliza kama nina ndimu. Tumeshuka Mkoani sote rangi ya muhogo.

Wa Darajani: Ngojeni kwanza. Halua, anaitoa Unguja, anaipeleka PEMBA?

KarafuuKavu: 😂😂 Ndiyo maana kaambiwa ishuke. Kijana kamsitiri.

Mtu wa Ole: Halua ni ya Wete, huku huku Pemba. Basi.

Wa Darajani: Ya Wete samli tupu, ukila unahitaji sabuni.

BintiMkoani: Futa kauli hiyo, we mtu wa mjini. Nyinyi mnatia sukari mpaka inalia mchanga.

Mleta uzi: Jamani, uzi ulikuwa wa mizani.

Wa Darajani: Mizani ipi tena? Mtu wa Ole, nijibu la samli.

KarafuuKavu: Kikapu kimebaki pale pale uwanjani? Mie nipo Kiembesamaki, jirani na uwanja, nauliza tu.