Mafundi, acheni kutoa themostati kwenye Land Cruiser zetu! Hedi imepasuka kwa sababu ya "nchi yetu ya joto"

Wakuu, nilisema nipoe kwanza ndipo niandike. Wiki mbili zimepita, sijapoa, basi naandika hivi hivi. Kwa wasiojua: themostati ni ile valvu ndogo inayoachia maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, na hedi ni kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu.

Gari ni Land Cruiser pikapu ya 1996, HZJ75, injini 1HZ. Mzee wetu aliinunua kwenye mnada wa mradi uliokuwa unafungwa, na alipofariki ikabaki mikononi mwangu. Wanaoijua 1HZ hawahitaji maelezo: silinda sita, cc 4,164, haina tabo, haina kompyuta. Ukiipa oili kwa wakati, maji mazuri na dizeli isiyochakachuliwa, itakuzika wewe kabla haijafa yenyewe. Mzee aliitunza hivyo miaka yote, na daftari lake la sevisi ninalo, kila oili ameandika tarehe na kilomita kwa mkono wake.

Mwezi wa tano pampu ya maji ikaanza kuvuja, na taa ya T-BELT ikawaka kwenye dashibodi. Hiyo taa inawaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha ubadilishe mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Nikaipeleka gereji moja hapa Iringa, jina siweki. Nikalipia pampu mpya, mkanda mpya na ufundi. Nilipoenda kuichukua, geji ya joto ilikuwa imelala chini kabisa. Fundi akaniambia kwa kujiamini, "Umeona bosi? Sasa hivi hata robo haifiki." Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na nikampa na ya soda.

Hakuniambia kwamba ametoa themostati. Hakuniuliza. Gari ni yangu, pesa ni yangu, na mtu ametoa kifaa ndani ya injini akakitupa bila kufungua mdomo.

Mwezi wa saba nimepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, gunia tisa, naupandisha mlima Kitonga. Mnaoujua Kitonga mnaujua: kona juu ya kona, lori limekata gia mbele yako linatambaa, nawe nyuma yake unatambaa gia ya pili na mzigo mgongoni. Geji ikapanda ikapita katikati. Nikatafuta pa kuegesha, hakuna. Baada ya kona mbili geji ikashuka ghafla mpaka chini, nikasema afadhali imepoa. Wakuu, ukiona geji imeshuka ghafla namna hiyo mlimani, simama hapo hapo hata kama ni katikati ya barabara, weka majani na pembetatu. Haikuwa imepoa. Maji yalikuwa yameisha, ile sensa imebaki kwenye mvuke, haina cha kupima. Nilijifunza hilo nikiwa nimeshachelewa.

Gari ikavutwa mpaka Iringa, gereji ile ile, kwa sababu bado nilikuwa sijui chochote. Wakasema gaskiti ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), imeungua. Wakafungua, wakaweka nyingine, wakafunga. Siku mbili. Nikalipa tena. Wiki tatu baadaye rejeta inatoa mapovu asubuhi kabla injini haijapata moto, na moshi mweupe nyuma. Nikawapigia. Jibu: "Hizo gari za zamani bosi, zimechoka, uza."

Hapo ndipo nilipokasirika kikweli. Gari ya mzee wangu haikuchoka. Imechoshwa.

Nikaamua kuifungua mwenyewe nyumbani, chini ya mparachichi, mimi na mjomba aliyewahi kuendesha malori miaka mingi. Nilikipata kitabu cha ufundi cha injini hiyo, nikaazima toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na tukaenda taratibu, kila boliti kwenye kikopo chake na karatasi yenye jina. Nawaambia tulichokikuta, kimoja kimoja kadiri tulivyokuwa tunashuka.

Kwanza, kibanda cha themostati kitupu. Ndani mmejaa silikoni ya gaskiti, ile ya bluu, wameimwaga kama wanapaka siagi mkate. Vipande vimekatika vimekwenda na maji, vingine tulivitoa kwenye vitundu vya rejeta. Rejeta yenyewe ina tope jekundu la kutu, maana walimwaga kulanti yangu, ile dawa ya kupozea injini, wakajaza maji ya bomba.

Pili, mkanda wa taimingi. Huu ndio ulionitia uchungu kuliko vyote. Ulikuwa ule ule wa zamani, na nyufa zake, maandishi yamefutika. Nililipia mkanda mpya! Walichofanya ni kuizima taa ya T-BELT tu, wakafunga kava. Mkanda ule ungekatika nikiwa Kitonga, valvu zingegonga pistoni na leo ningekuwa naandika habari ya injini nzima, au nisingekuwa naandika kabisa.

Tatu, hedi. Ina ufa mwembamba kati ya valvu mbili za silinda ya nne. Kwa macho ya haraka huuoni. Tuliisafisha kwa dizeli, tukaikausha, ndipo ukaonekana. Kwa hiyo walipofungua mara ya kwanza ufa ulikuwepo, hawakuangalia. Na gaskiti waliyoweka ni iliyokuwepo dukani. Gaskiti za 1HZ zina unene wa daraja tatu, na unachagua kwa kupima pistoni zinatokeza kiasi gani juu ya bloku. Unapima pistoni zote sita. Hawakupima hata moja.

Sasa tuje kwenye hili la themostati, kwa sababu nimeongea na watu zaidi ya kumi tangu hapo na kila mmoja ananiambia fundi wake naye aliitoa. Hoja ni moja kila mahali: "Hii nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Ulaya." Mwambie hivyo mtu wa Mafinga mwezi wa sita saa kumi na mbili asubuhi akiwa amejifunga blanketi!

Na hata ungekuwa Dar mwezi wa pili, hoja bado ni ya uongo. Themostati ya injini hii ina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Cha chini kazi yake ni kuziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, cha juu kimefunga na cha chini kimeachia, maji yanazunguka ndani kwa ndani mpaka yapate moto. Yakishapata moto, nta iliyo ndani ya kile kikopo inayeyuka, inatanuka, inasukuma: juu panafunguka, chini panaziba. Maji yanalazimika kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwenye tambarare gari ikiwa tupu hutajua, geji inalala chini na fundi anajisifu. Ukipakia ukapanda mlima, siku ile ambayo unahitaji kila tone lipite kwenye rejeta, halipiti. Hedi inakwenda.

Na hiyo geji kulala chini si sifa. Dizeli isiyofika joto lake haiungui yote. Nyingine inateremka pembeni ya ringi za pistoni mpaka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, silinda zinalika. Unaua injini polepole kwenye tambarare na unaiua haraka mlimani.

Nilirudi gereji nikiwa na mkanda wa zamani mkononi na picha za ufa. Mzee wa pale ni rika la marehemu baba, nikamwamkia, nikaongea kwa heshima. Akaniambia ana miaka 30 kwenye kazi hii na mimi nimejifunza kwenye simu. Shikamoo yangu hakuiitikia. Kuhusu mkanda akasema kijana aliyefanya kazi ile ameshaondoka. Pesa hakuna. Basi.

Hasara yangu mpaka jana: hedi mpya tupu isiyo ya Toyota 2,300,000, gaskiti seti, mkanda na roli yake, kulanti, kuvutwa kutoka Kitonga, vitunguu vilivyooza nusu, na malipo mawili ya gereji. Inapita milioni nne na laki tatu. Kwa kifaa ambacho nilikinunua kwa 45,000.

Na hapo napo sikilizeni. Themostati ya kwanza niliyonunua ilikuwa feki. Boksi zuri, nembo ipo, stika inang'aa. Kabla ya kuifunga niliipima, na naomba kila mmoja wenu afanye hivi kwani ni dakika kumi tu: weka maji kwenye sufuria, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Joto inalotakiwa kufungukia limegongwa kwenye bati lake. Yangu imegongwa 82. Ilifika 90 imefunga. Huku Iringa maji yanachemka kwenye 95 hivi kwa sababu ya mwinuko. Yakachemka, ndipo ikafunguka kidogo kama mtu anayechungulia dirishani. Nikairudisha, mwenye duka akagoma mpaka nilipomfanyia jaribio hilo hilo kwenye jiko la mama lishe wa jirani, watu wamejaa. Akabadilisha. Ya pili ilianza kufunguka kwenye 81. Wakati wa kuifunga kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu, hewa ipate kutoka. Na mfuniko wa rejeta nao ubadilishwe. Ukiwa na alama ya presha ya 0.9 na mpira wake mzima, maji hayachemki mpaka karibu digrii 115 hata huku juu. Mfuniko uliolegea unayachemsha mapema, halafu inalaumiwa injini.

Gari imewaka Jumamosi. Hedi tulikaza kutoka katikati kwenda nje kwa hatua, kama kitabu kinavyosema. Geji inasimama pale pale ilipokuwa inasimama enzi za mzee, chini kidogo ya katikati, haichezi. Nimeandika kwenye daftari lake, chini ya mwandiko wake.

Mafundi mliomo humu, najua wapo wazuri, na nyie ndio mnaochafuliwa jina. Ukitoa kitu kwenye gari ya mtu, mwambie na umpe mkononi. Kifaa cha zamani ni mali ya mwenye gari. Mimi kuanzia sasa nitadai kila boliti iliyobadilishwa, na gari haitoki gereji mpaka nimeona.

Mwisho, kwa walioko Makambako, Njombe na Mbeya: nani anapima hedi kwa presha, siyo kwa macho? Ile iliyopasuka bado ninayo, nataka kujua kama ufa huo unachomeleka au niiuze chuma chakavu. Wekeni hapa hapa, wengine nao wasome.